Munganga Aliyefundisha Hapana

Ukimwambia ndiyo upesi, alikasirika. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo yeyote aliyefanya kazi naye angekwambia, kabla hata ya kukueleza kwamba alikuwa mrefu, kwamba kola ya abakosti yake, lile koti lisilo na tai la enzi zile, ilipigwa pasi hata siku za mvua, au kwamba alichekea puani. Tulimwita Munganga. Kisangani nzima humwita hivyo daktari yeyote, lakini mtu wa kwetu akisema "Munganga" bila kuongeza neno, ilijulikana ni yeye.

Alifundisha kwenye kitivo cha udaktari, tena alikuwa mkubwa wa mradi mmoja wa macho. Kando ya maporomoko ya mto kuna inzi wadogo weusi. Wakimuuma mtu mwaka hadi mwaka wanamtia vijidudu kwenye ngozi, anajikuna mpaka anakuwa kama mjusi, na mwisho vijidudu vinapanda machoni na dunia inaanza kufifia. Wazungu fulani walikuwa wametengeneza kidonge na wakataka kujua kama kinafanya kazi. Munganga akapewa kukijaribu katika vijiji vya maporomoko. Mimi nilikuwa muuguzi wake, na pia mdomo wake, maana yeye alikuwa mtu wa mto, wa Lingala, na Kiswahili chake kilichechemea. Nilitoka Kindu, kwa hiyo aliniita Mama Kindu tangu siku ya kwanza, ingawa nilikuwa sijazaa hata mtoto mmoja.

Kila aliyeingia kwenye mradi alipaswa kukatwa kipande cha ngozi kwenye nyonga, kidogo kuliko punje ya mchele, ili tukitazame kwa darubini. Kabla ya kukatwa, ilibidi akubali. Wazungu walileta karatasi za kazi hiyo, Kifaransa kitupu, na chini nafasi ya kutia kidole kwa wasioandika. Miradi mingine iliyotangulia pale ilimaliza jambo hilo asubuhi moja: chifu anaita watu, watu wanapanga mstari, wino, kidole, kwisha. Munganga hakutaka kuziona alama zile.

"Kidole haina masikio, Mama Kindu," aliniambia. "Unatia wino, inasema ndiyo. Hata kidole ya maiti inasema ndiyo."

Inabidi nikumbushe tulikuwa enzi gani. Zaire ilikuwa na chama kimoja, na mtoto alizaliwa akiwa tayari mwanachama kabla kitovu hakijakauka. Siku za kura tulipewa kadi mbili, ya kijani ya ndiyo na nyekundu ya hapana, na ofisa alikaa kando ya sanduku akitazama mkono wako. Asubuhi ofisini tulicheza na kuimba kabla ya kufungua madawati. Ndiyo ilitutoka mdomoni kama chafya. Halafu anatokea mtu mrefu mwenye kola iliyonyooka, anakaa kwenye kigoda chako, anakuuliza kama unakubali, na ukimwambia ndiyo anakunja uso.

Nakumbuka siku tulipoenda kwa Mama Bolumbu, mjane... hapana, sikumbuki vizuri, mumewe alikuwa hai bado, na mtaona kwa nini nimejisahihisha. Alikuwa anakausha samaki juu ya moto. Munganga akaketi, akaomba ruhusa ya kuketi baada ya kuwa ameshaketi, akaeleza habari ya ngozi.

"Donc, mama, unakubali?"

"Ndiyo, Munganga."

"Bon. Nitakamata na mbuzi yako ile."

Mama Bolumbu akamtazama mbuzi, akanitazama mimi, akatabasamu kwa adabu. "Kama Munganga anataka."

"Na sufuria hii?"

"Kamata tu."

"Na bwana yako, nimupeleke mujini akanifagilie nyumba?"

"Ule? Mumupeleke hata leo."

Munganga akajikuna kidevu. Akageukia moto. "Na samaki hii yote?"

Mama Bolumbu akatazama samaki wake. Akashusha fimbo aliyokuwa akigeuzia samaki.

"Samaki hapana."

"Umesema nini?"

"Nimesema samaki, hapana, Munganga. Ile iko ya soko."

Munganga akasimama, akampa mkono wa kulia, kisha akaongeza wa kushoto, kama anampongeza mwanafunzi aliyefaulu mtihani mgumu. "Alors sasa tunaweza kuzungumuza. Ngozi yako, uichukue kama samaki. Mi niko mununuzi wa soko, nataka kuikamata. Uniulize maswali."

Na Mama Bolumbu akauliza. Ngozi inaenda wapi baada ya kutazamwa? Ni kweli kwamba Ulaya wanaishona viatu? Mbona hawawakati Wazungu, nao wanaumwa na inzi walewale? Munganga alijibu yote, hata la viatu, kwa uso ule ule mzito. Tulirudi kwake wiki iliyofuata, akauliza mengine. Wiki ya tatu akasema ndiyo, na ndiyo ile ilikuwa na kilo. Kuanzia hapo, kwenye gari letu, tukimwona mtu anakubali upesi mno tulinong'onezana, "Huyu hajafika kwa samaki."

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kueleza habari ya kidonge kitupu. Nusu ya watu wangepewa dawa yenyewe, na nusu kidonge cha unga kinachofanana nayo kama mapacha, na hapakuwa na mtu upande wetu aliyejua nani amepata nini. Jaribu kumweleza hilo mvuvi. Mimi nilijaribu, na watu walinitazama kama ninayeuza ndoo isiyo na chini.

Munganga akaja siku moja na liboke mbili, vile vifurushi vya chakula, zimefungwa kwa majani yaleyale, kwa kamba ileile, uzito uleule. Mkewe ndiye aliyezifunga nyumbani. Akawaita watu wawili wachague, wakafungua mbele ya wote. Moja ilikuwa na samaki na pilipili. Nyingine ilikuwa na kwanga peke yake, muhogo mtupu.

"Mi nilijua samaki iko wapi?" akauliza.

"Hapana," wakasema.

"Mama Kindu alijua?"

"Hapana."

"Nani alijua?"

"Bibi yako."

"Voilà. Na vidonge iko vile. Mwenye anajua iko Ulaya. Miye sijue."

Mzee mmoja akasimama. "Munganga yenye haijue dawa anatoa, huyo ni munganga wa namna gani?"

"Wa namna ya mutu," akajibu. "Nikijua rafiki yangu amekula dawa, nitaona macho yake imepona hata kama haijapona. Juu namupenda. Sasa wamenifunga macho miye pia."

Watu wakacheka. Kisha msichana mmoja aliyekuwa amebeba ndoo, asiyekuwa hata kwenye mkutano, akauliza kutoka pembeni: na mwenye amepata kile kitupu, cha bule, akipofuka wakati mnangoja?

Kicheko kikaisha. Nilimwona Munganga akitafuta jibu, na nilijua wenzetu wa mradi wangependa jibu gani. Akasema, "Inaweza kuwa. Dawa ikionekana iko muzuri, watu wa bule ndio watapata wa kwanza. Lakini katikati iko miezi, na katika miezi ile jicho inaweza kuharibika. Siwezi kuficha." Siku hiyo watu wengi waliondoka bila kujiandikisha. Njiani kurudi, kijana wa maabara alilalamika mpaka tukafika mjini, na Munganga akalala usingizi mzito, au alijifanya.

Sasa msidhani ninawachorea mtakatifu. Mtu huyu aliyeomba ruhusa ya kukata ngozi ndogo kuliko mchele hakuwahi kuomba ruhusa ya kitu kingine chochote. Ukila naye, mkono wake ulikuwa kwenye sahani yako kabla hujanawa, tena alichagua kichwa cha samaki. Aliazima mwavuli wangu mvua ya kwanza ya mwaka na kuurudisha kiangazi. Katika mchezo wa dama, ule wa vizibo vya chupa, alikuwa mwizi asiye na aibu: alikuonyesha ndege angani na ukitazama chini kizibo chako kimesafiri. Ukimshika alisema, "Ulitazama kwa hiari yako."

Nyumbani ndiyo kabisa. Mkewe alikuwa mama wa Isangi, mfanyabiashara wa samaki wa kukausha, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Siku moja gari lilisimama mlangoni kwake, wakashuka Wazungu wawili wa mradi na masanduku yao. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimeleta vipimo.

"Munganga, hawa ni nani?" mama akauliza.

"Ni wageni ya mradi. Watakaa hapa mwezi moja."

"Nani amekubali?"

"Miye nimekubali."

"Na miye?"

"Weye hauko kwa utafiti, mama."

"Niko kwa nyumba."

Akawatandikia wageni vizuri, akawapa maji ya kuoga, akaingia jikoni. Wakati wa chakula akaleta liboke kwa kila mtu. Mzungu wa kwanza akafungua, samaki. Wa pili akafungua, samaki. Mimi nikafungua, samaki mnene mwenye nyanya. Munganga akafungua jani, ndani kuna jani, ndani ya jani kuna jani lingine, akaendelea kufungua kwa bidii ya mtafiti mpaka akafika katikati, na katikati hakukuwa na kitu.

"Pole, Munganga," mkewe akasema. "Hata miye sikujua nani atapata gani."

Alicheka kwa ile pua yake mpaka machozi yakatoka, kisha akanyoosha mkono kwenye sahani yangu. Wageni walikaa mwezi wao. Baada ya hapo alianza kumwomba mkewe ruhusa, lazima niseme haki yake, ingawa kwa kawaida aliomba akiwa ameshafanya.

Kilichomponza ni Komisere. Huyu alikuwa mkubwa wa zone yetu, wa serikali na wa Chama pamoja, mtu mnene mwenye haraka, na habari zilikuwa zimemfikia kwamba mradi unakwenda polepole. Wazungu walikuwa wanalalamika. Komisere akaona nafasi ya kuonyesha bidii. Jumamosi moja, siku ya salongo ambapo kila raia alitakiwa kutoka na jembe kufanya kazi ya umma, akawakusanya watu wa vijiji vyote vya maporomoko kwenye uwanja wa shule. Akaleta ngoma. Akaleta akina mama wa animation, wale wa kucheza na kuimba sifa za Chama, wamevaa vitenge vyenye picha ya Kiongozi kifuani na mgongoni. Sisi tulipofika na gari tulikuta mistari imenyooka, na baadhi ya wanaume tayari wamelegeza mikanda.

Komisere akahutubia. Akasema raia kama mtu mmoja wamekubali kutoa ngozi yao kwa ajili ya sayansi na ya Mapinduzi. Ngoma zikapigwa. Akamkaribisha Munganga aseme neno la shukrani.

Nilimtazama. Alirekebisha kola. Nilimfahamu vya kutosha kujua kwamba kola ile ilikuwa sawa.

"Citoyens, citoyennes, raia wote," akasema. "Ninamushukuru Citoyen Komisere. Na juu kiongozi anatangulia mbele ya raia, ninaomba yeye akuwe wa kwanza."

Watu wakapiga makofi. Komisere naye akapiga makofi, kisha akaacha.

Munganga akanigeukia, "Mama Kindu, kifaa." Nikampa. Ni kitu kidogo kama koleo, lakini kikiinuliwa juani mbele ya watu wote kinang'aa vibaya. Akaanza kueleza, kwa sauti, kama alivyoeleza kwenye kila kibaraza: kwamba atakata kwenye nyonga, upande huu na huu, na suruali itashuka mpaka hapa. Kwamba hakuna sindano ya kuzuia maumivu, yatauma kama siafu na damu itatoka kidogo. Kwamba kidonge kinaweza kuleta homa, kujikuna na kuvimba, au kinaweza kuwa unga mtupu. Kwamba mtu anaweza kukataa na hakuna atakayemfanya kitu.

"Alors, Citoyen Komisere, unakubali?"

Hata mbuzi wa mwalimu mkuu aliacha kutafuna.

"Miye niko na kazi mingi leo," Komisere akasema.

"Nimeelewa. Ni ndiyo ao hapana?"

"Si leo."

"Si leo ni hapana ya leo?"

Komisere akatazama koleo. Akatazama akina mama wa animation, ambao walikuwa wanamtazama kwenye nyonga. "Bon," akasema kwa sauti ndogo. "Hapana."

Munganga akainama kwa heshima. Kisha akawageukia watu. "Mumesikia. Citoyen Komisere amesema hapana, na hakuna mutu amemukamata. Ametufundisha namna raia anakataa. Wenye wanataka kufuata mufano ya Komisere, wapite kushoto. Wenye wako na maswali wabakie."

Mwanzo hakuna aliyesogea. Kisha Mama Bolumbu, ambaye alikuwa ameshakubali na kukatwa zamani na hakuhitajika pale kabisa, akasema kwa sauti, "Miye namufuata Komisere," akapita kushoto. Wakaanza kumfuata, mmoja mmoja, halafu kumi kumi. Wapiga ngoma hawakujua wafanye nini, wakapiga. Watu wakaenda kushoto wakicheza, wakimshangilia Komisere kwa kukataa, na yeye akiwapungia mkono kwa sababu hakuwa na la kufanya na ule mkono. Siku hiyo hatukumkata mtu yeyote. Waliobaki tuliwatembelea nyumbani kwao, kibaraza hadi kibaraza, majuma yaliyofuata.

Nililala nikiwa na hofu wiki ile nzima, na hofu yangu haikukosea. Munganga aliitwa kwenye ofisi moja mjini ambayo watu hawakupenda kuitaja. Alinisimulia baadaye, akigeuza mambo kuwa mzaha kama kawaida yake, lakini nilimwona akishika kikombe kwa mikono miwili.

Ofisa alimwambia, "Inaonekana unafundisha watu kusema hapana."

"Hapana," akajibu.

"Unaona."

Ofisa mwenyewe alicheka kidogo, na Munganga aliamini kicheko kile ndicho kilichomwokoa. Alimweleza kwamba Chama kinahitaji ndiyo nzito, na ndiyo ya mtu asiyeweza kukataa ni nyepesi kama manyoya ya kuku. Ofisa aliandika, hakusema kama amekubali. Mwisho wa mwezi ikaja barua ya pongezi: Munganga amepandishwa cheo, ataongoza hospitali ya Basoko, mbali huko chini ya mto. Aende na boti itakayoondoka kwanza.

Tulimsindikiza bandarini. Mkewe alikuwa amekaa juu ya masanduku yake ya samaki akichukia kila kitu, maana soko lake lilikuwa Kisangani na hakuna aliyemuuliza. "Unaona," Munganga akaniambia, akimwonyesha mkewe kwa kidevu. "Anasema wamefanya naye vile miye nilifanya naye." Kisha akapanda, na boti ikashuka na mto.

Mahali pake alikuja daktari kijana kutoka Kinshasa, msafi, mwenye haraka, si mtu mbaya. Siku ya kwanza kijijini akafungua karatasi na kidau cha wino. Watu walikaa wakimtazama. Mwishowe yule mzee aliyewahi kuuliza juu ya munganga asiyejua dawa yake akasema, "Liboke iko wapi?"

"Liboke gani?" daktari akaniuliza.

Ilibidi turudi mjini bila kidole hata kimoja. Baada ya wiki mbili za kukasirika, daktari kijana alikuwa sokoni asubuhi akinunua samaki na majani.

Kuna mtu mmoja sijamtaja, na ningependa kumwacha, lakini picha ya Munganga bila yeye itakuwa ya upande mmoja. Ni Papa Lituka, mvuvi, mtu wa maneno machache. Tulimfikia mwanzoni kabisa mwa mradi, kabla ya Komisere na kabla ya Basoko. Ngozi yake ilikuwa imejaa vinundu na macho yalikuwa yameshaanza kuona ukungu. Munganga alimweleza kila kitu. Hakuhitaji mbuzi wala sufuria, maana Papa Lituka alisikiliza mpaka mwisho, akafikiri, akasema:

"Wakati wa Wabelgiji walitupanga mustari hapa hapa, juu ya ugonjwa wa usingizi. Mama yangu walimutia sindano ya mugongo. Hakuna mutu alimuuliza. Alilia siku yote, na nyuma ya pale hakutembea muzuri tena. Weye umeuliza, donc nakujibu. Na nakujibu kwa mama yangu pia. Hapana."

Munganga akasimama, akampa mikono yote miwili. Tukaondoka. Kwenye gari nilimwambia kwamba macho yale yataharibika, kwamba huyu ni mtu mwenye akili na maneno mawili zaidi yangemgeuza. Akasema, "Ndiyo, yangemugeuza." Na hakurudi kuyasema.

Alirudi lakini, kwa kucheza dama. Kila alipopita upande ule alikaa naye kwenye kibaraza, na aliporuhusiwa kutoka Basoko, miaka mingi baadaye, alianza tena. Wakati huo dawa ilikuwa imeshathibitika na inagawiwa kwa wote. Papa Lituka aliikubali ilipokuwa si jaribio tena, na kujikuna kukapungua, lakini jicho lililokwenda halirudi. Alicheza kwa kupapasa vizibo kwa ncha za vidole. Nilikuwa nao siku moja, nikamtazama Munganga nione ataiba vipi, maana hata ndege hakumhitaji sasa. Hakuiba. Alicheza kwa haki, na alipigwa vibaya, kwa sababu bila wizi alikuwa hajui kucheza.

Papa Lituka akamuuliza, vidole vikiwa juu ya ubao, "Kama ungejua dawa iko muzuri vile, ungenilazimisha?"

"Hapana."

"Muzuri. Ningekukatalia."

Wakaendelea. Njiani nilimuuliza Munganga kama haimuumi. "Inaniuma kila mara napita hapa, Mama Kindu. Ndiyo ndogo ndogo za watu sizikumbuki. Hapana ya ule mutu nimeibeba mpaka leo." Hakuongeza mzaha, na hiyo ndiyo mara pekee ninayoikumbuka.

Siku za mwisho nilimwona mtaani Mangobo, hapo Kisangani, kwenye meza ya mkewe sokoni. Alikuwa amestaafu. Kola ilikuwa bado imenyooka, ingawa abakosti yenyewe ilikuwa imekuwa kubwa, au yeye alikuwa amepungua. Mkewe alimpa kazi ya kufukuza inzi kwa kipande cha katoni, na alikuwa akiifanya vibaya kwa sababu alikuwa anabishana na kila mteja.

Nikamwambia nimekuja na jambo. Nataka kuandika habari zake.

"Za nini?"

"Watu wazisome."

"Bon. Eleza."

Nilijua nimeshaingia mtegoni. Nikakaa kwenye kigoda, nikaeleza: nitaandika nini, naanzia wapi, nani atasoma. Akauliza faida ni ya nani. Nikasema ya wasomaji, watacheka, na labda watajifunza kidogo. Akauliza hatari ni ya nani.

"Yako labda," nikasema. "Watu wanaweza kukucheka."

"Ile haiko hatari. Hatari ni wakifikiri nilikuwa mutu muzuri."

"Nitaandika ya mwavuli wangu."

"Très bien."

Akataka nimsimulie hadithi zote, moja baada ya moja, pale mezani, huku mkewe akiuza. Ya Komisere akaicheka. Ya Papa Lituka, ambaye tulikuwa tumeshamzika, akaisikiliza bila kufukuza inzi, akasema niiache humo. Ya liboke ya majani, mkewe ndiye aliyeniambia niiache humo, bila kugeuka. Tukafika kwa ile ya harusi ya shemeji yake, na nilipoanza tu, mkewe akaanza kucheka mpaka akaweka mizani chini. Munganga akainua katoni.

"Ile toa."

"Juu ya nini? Ndiyo inachekesha kushinda zote."

"Mutu anatoka kwa utafiti bila kusema sababu. Nilikufundisha. Na jina yangu, toa pia."

"Basi mengine unakubali?"

Hakujibu siku hiyo. Aliniambia nirudi wiki ijayo, nikarudi, akauliza maswali mengine. Wiki ya tatu nilipofika alikuwa amekaa palepale, anafukuza inzi, na kabla sijasalimia akasema, "Ndiyo."

Kwa hiyo jina sikuliweka. Na ya harusi nimeitoa. Mkimkuta mkewe pale Mangobo, yeye anaijua, lakini muanze kwa kununua samaki, na mumuulize vizuri.